Bukavu au Kigali: Mfanyakazi Aende Wapi?



Kila mwaka kiangazi kikifika na majani ya chai yakapungua, kikapu kinakuwa chepesi kwenye mizani na mshahara nao unakuwa mwepesi. Hapo ndipo swali moja linaanza kuzunguka katika mistari ya chai, penye mashine za kuosha kahawa, na ufukoni ambako wavuvi wa sambaza wanasubiri ziwa lifunguliwe: tubaki hapa, au twende mjini?

Kwetu Nkanka swali hilo ni zito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu tumewekwa kati ya miji miwili mikubwa. Bukavu ni jirani, ng'ambo tu ya maji. Ukifika Kamembe umebakiza kilometa chache kufika daraja la Rusizi, nawe uko Kongo. Kigali uko mbali, karibu masaa sita kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe, lakini tunausikia redioni kila siku na watoto wetu wanauota usiku.

Sisi viongozi wa tawi tumeulizwa swali hili mara nyingi, na vijana na hata na mama wenye watoto. Tumeona vema tulijibu kwa maandishi ili kila mwanachama asome na afikiri mwenyewe. Hatutasema mji huu ni mzuri na ule ni mbaya. Mwenye gari na nyumba ya ghorofa anautazama mji kupitia dirisha lake, na sisi hatuna dirisha hilo. Tutaipima miji hii kwa kipimo cha mfanyakazi. Baada ya kulipa chumba, njia, maji na chakula, kinabaki nini cha kutuma nyumbani? Na siku ukiugua, au mali yako ikikamatwa, au risasi zikilia, utakimbilia wapi?

MIJI HII ILIANZAJE

Hakuna mji unaolala kijiji ukaamka mkubwa. Kila mji una kuzaliwa kwake, na mara nyingi mfanyakazi hadi leo analala pale ambapo wakubwa wa zamani walimpangia.

Bukavu ulianzishwa na Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 waliupa jina la Costermansville, kwa heshima ya mkubwa wao mmoja, na mwaka 1954 jina la Bukavu likarudi. Waliupenda kwa hewa yake ya baridi, kwani uko juu kiasi cha meta 1,500, na kwa rasi zake tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Juu ya vidole hivyo wazungu walijenga nyumba zao na bustani zao. Wafanyakazi weusi walipangiwa Kadutu, huko mlimani, mahali palipo karibu vya kutosha kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni kwa miguu. Baadaye ikaongezwa Bagira. Mpaka leo mji una komini tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Kazi zilikuwepo. Kulikuwa na kiwanda cha bia cha Bralima, na kiwanda cha kwinini cha Pharmakina kilichokuwa na mashamba yake ya miti ya kwinini. Mji huo uliopangwa kwa makumi ya maelfu ya watu sasa unakisiwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Wengi wao hawakuitwa na king'ora cha kiwanda. Walifukuzwa vijijini na vita, huko Walungu, Kabare, Kalehe na Shabunda.

Kigali ulianza kama kituo cha Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Uhuru ulipofika mwaka 1962, Kigali ulikuwa bado mji wa watu elfu chache tu. Ulichaguliwa kuwa makao makuu kwa sababu uko katikati ya nchi. Mwaka 1994, katika Jenosaidi dhidi ya Watutsi, mji ulijaa maiti, na majengo yakabaki matundu. Waliookoka na waliorudi ndio walioujenga upya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Kigali ulikuwa na watu 1,745,555, katika wilaya tatu za Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Huu ni mji unaokua kwa ramani. Ramani kuu ya mji ilitolewa upya mwaka 2020, nayo inasema hapa ni ofisi, hapa ni viwanda, hapa ni nyumba za kuishi, hapa ni bonde la maji na mtu asijenge.

Basi tofauti ya kwanza ni hii. Bukavu umenenepa ndani ya nguo yake ya zamani mpaka nguo ikapasuka. Kigali unashonewa nguo mpya kila mara, lakini fundi anapopima anamwambia maskini asogee pembeni. Tukishika neno hilo tutaelewa mengine yote.

CHUMBA NA NJIA

Kule Kadutu nyumba zimebebana mgongoni. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na mlango wako unafungukia paa la mtu aliye chini yako. Mwenye nyumba anataka kodi kwa dola, tena anataka garanti ya miezi kadhaa kabla hajakupa ufunguo. Lakini kibarua analipwa faranga za Kongo. Faranga ikishuka mbele ya dola, kodi imepanda bila mwenye nyumba kufungua kinywa. Na mvua ikinyesha usiku kucha watu hawalali, kwa maana milima ya Bukavu inateleza. Kila masika tunasikia nyumba zimekwenda na udongo, pamoja na waliokuwa ndani.

Hata hivyo Kadutu ina faida moja kubwa: iko karibu. Anayelala Kadutu anatembea mpaka sokoni, mpaka Nyawera, mpaka Ibanda kwenye nyumba za matajiri anakofanya kazi ya jikoni au ya ulinzi. Miguu haidai nauli. Mama anaweza kurudi mchana kumnyonyesha mtoto kisha akarudi kazini.

Kule Kigali mambo yamekwenda kinyume. Zamani vyumba vya bei ndogo vilikuwa katikati ya mji, karibu na kazi. Kiyovu ya maskini, pale chini ya maofisi, ilibomolewa mwaka 2008, na watu wakapelekwa Batsinda. Mwezi wa Septemba 2022 ikawa zamu ya Kangondo na Kibiraro, mitaa ambayo watu waliizoea kwa jina la Bannyahe. Wenye nyumba walipelekwa Busanza, Kicukiro, katika majengo mapya yenye maji na umeme. Tangu Desemba 2019 nyumba nyingi za mabondeni pia zilibomolewa kwa sababu ya hatari ya mafuriko.

Tuseme kweli: mafuriko yaliua watu, na mtaa usio na vyoo si mahali pa kulea mtoto. Lakini tutazame aliyepewa nini. Mwenye nyumba alipewa nyumba nyingine au malipo. Mpangaji, yaani kibarua wa ujenzi, mfagiaji wa barabara, mlinzi wa usiku, mfanyakazi wa nyumbani, alifunga godoro lake akatafuta chumba kingine mbali zaidi. Kila mara mji unapopendeza, chumba cha mfanyakazi kinasogea kilometa nyingine.

Na kila kilometa ina bei yake. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliacha kulipia sehemu ya nauli za mabasi, na tangu hapo msafiri anabeba mzigo mwenyewe. Anayefanya kazi katika eneo la viwanda la Masoro na kulala upande wa pili wa mji anaweza kupanda mabasi mawili asubuhi na mawili jioni. Pale Nyabugogo jioni foleni ni ndefu. Akichelewa anapanda moto, na pesa ya chakula cha usiku inabaki kwa motari. Tunawaomba wanachama msihesabu faranga tu, mhesabu na masaa. Mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mwajiri anamlipa masaa nane tu. Masaa mengine amempa mji bure.

MAJI, TAA NA MOTO

Mto Rusizi unaotutenganisha na Wakongo ndio unaotuwashia taa pande zote mbili. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili likaanza kazi mwaka 1989, mali ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule kwa pamoja. Lakini nenda Bukavu usiku. Mji ulio mlangoni pa bwawa unakaa gizani kartie kwa kartie. Waya zimesokotana juu ya mapaa kama utando wa buibui, na kila mtu amejivutia wa kwake. Zikitoa cheche, nyumba za mbao zinashika moto, na gari la kuzima moto halipiti katika vichochoro. Mtu anatoka na nguo ya mwilini tu.

Maji nayo ni kitendawili. Ziwa zima la Kivu liko chini ya mji, na mama wa Kadutu anapanda mlima na jerikani kichwani. Bomba lipo, bali maji hayapandi kila siku. Anayechota ziwani au kwenye mifereji anajua kipindupindu kiko karibu.

Kigali uko mbele zaidi katika mambo haya. Barabara zina taa, takataka zinazolewa kwa zamu, na mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu mwaka 2008. Maji yanavutwa Nzove, kando ya mto Nyabarongo, yanasafishwa na kupandishwa vilimani. Lakini wakati wa kiangazi mitaa ya juu inapangiwa zamu, na asiye na tangi ananunua jerikani moja moja. Daima anayenunua maji kwa jerikani analipa zaidi kuliko anayefungua bomba ndani ya nyumba. Huo ni mtindo wa miji yote: maskini ananunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ni ghali.

KUUZA NA KUNUNUA

Wengi wetu tukienda mjini hatupati kazi ya kiwanda siku ya kwanza. Tunaanza kwa kuuza kitu. Kwa hiyo ni lazima kujua mji unamtazama mchuuzi kwa jicho gani.

Bukavu ni soko toka asubuhi mpaka usiku. Soko la Kadutu ni kubwa, lakini hata nje ya soko mama anaweka beseni la nyanya penye njia na hakuna wa kushangaa. Wakongo wana mchezo wa maneno kuhusu sheria yao: wanasema Ibara ya 15 ni jitafutie mwenyewe. Hapo mtu mwenye akili na mtaji wa jogoo mmoja anaweza kuanza. Lakini kujitafutia kuna wenyewe. Asubuhi anapita wa kodi ya kiti, mchana wa kodi ya takataka, jioni mwenye bunduki, na karatasi wanazotoa si zote zina muhuri wa kweli. Anayejitafutia peke yake anatafutwa pia peke yake.

Kigali hauruhusu beseni barabarani. Mwaka 2017 halmashauri ya mji iliweka faini ya faranga 10,000 kwa anayenunua kwa mchuuzi wa njiani, siyo kwa muuzaji tu. Masoko madogo yalijengwa ili wachuuzi wakae ndani, na wako waliofanikiwa humo. Lakini anayeanza na beseni moja hana kodi ya meza, na wateja wake wako njiani wanaporudi kazini, hawako sokoni. Anakimbizana na walinzi, bidhaa zinachukuliwa, na mtaji unakwisha siku hiyohiyo. Tena mji hautaki kumwona mtu anazurura. Asiye na kazi wala kitambulisho anaweza kuokotwa barabarani na kupelekwa kituo cha muda cha Gikondo. Kijana unayeondoka hapa bila anwani ya kufikia, jua hilo kabla ya kukata tiketi.

AMANI

Hapa hatuwezi kupima kwa faranga. Katika Kigali mfanyakazi mwanamke anaweza kutoka zamu ya usiku saa tano akatembea mpaka kituo cha basi. Hili si jambo dogo. Liulizeni kwa wanawake watawaambia thamani yake.

Bukavu umeonjeshwa vita mara nyingi mno. Mwaka 1996 vita viliingia mjini. Mwaka 1998 vikarudi. Mwaka 2004 wanajeshi walioasi waliushika mji kwa siku kadhaa, wakapora na kuwanajisi wanawake. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuchukua. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na mfanyakazi aliyekuwa na akiba yake benki akawa na karatasi tu mkononi. Familia nyingi zilivuka daraja na magodoro zikaja kulala upande wetu, kama watu wa upande wetu walivyovuka kwenda Bukavu mwezi wa Julai 1994. Tumepokezana wakimbizi kama majirani wanavyopokezana moto wa jikoni.

Juu ya hayo yote, watu wa Bukavu hawakuacha kuponyana. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, imewatibu maelfu ya wanawake walioharibiwa na vita, na mwaka 2018 daktari huyo alipewa tuzo ya Nobeli ya amani. Mji uliokosa serikali ya kuutunza umejitunza kwa makanisa, kwa vikundi vya akina mama, kwa likirimba, yaani upatu wa kuchangiana pesa. Mgeni akifiwa Kadutu, kartie nzima inakesha naye. Katika Kigali mtu anaweza kupanga chumba mwaka mzima bila kujua jina la jirani yake, isipokuwa siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapotoka na majembe.

Wenzetu waliokwenda Kigali wametuambia jambo jingine: wakifika huwatafuta kwanza watu wa Cyangugu, halafu watu wa Nyamirambo na Biryogo, maana kule Kiswahili kinasemwa toka zamani na mgeni haonekani mgeni sana. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi. Lugha ni mlango, na sisi wa Rusizi tuna ufunguo wa pande zote mbili.

MSHAHARA WA KARATASI

Wengi wanauliza: sheria inamlinda nani zaidi? Katika Kongo kiwango cha chini cha mshahara kilikuwa faranga 7,075 kwa siku tangu mwaka 2018, na Mei 2025 serikali ya Kinshasa ikatoa amri kipande mpaka 14,500. Amri ni nzuri. Lakini amri inahitaji mkaguzi wa kazi wa kuitekeleza, na katika mji uliochukuliwa na vita mkaguzi atatoka wapi? Katika Rwanda kiwango cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakati faranga 100 ilikuwa pesa. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilisema waziri ataweka kiwango kwa amri yake, na vyama vya wafanyakazi vimelipigania jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo pande zote mbili tumepewa karatasi, hii ina tarakimu kubwa na hii ina tarakimu ndogo, na mkono wa mfanyakazi unabaki ukisubiri.

Lakini iko sheria inayoshikika. Sheria hiyohiyo ya Rwanda ya 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Ukipita hapo, dai mkataba wa maandishi. Na tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara, sita za mwajiri na sita zako. Ukikatwa sita zako bila mwajiri kutoa sita zake, umeibiwa uzee wako. Vibarua wengi wa ujenzi mjini hawako katika hesabu hiyo kabisa. Wanalipwa jioni mkononi, na siku wakianguka kutoka juu ya jengo hakuna daftari lenye jina lao.

HESABU YA KARATASI MOJA

Sasa chukueni karatasi na kalamu. Tutatoa mfano tu, kila mtu atie bei za kwake.

Tuseme kijana amepata kazi ya kibarua Kigali kwa faranga 3,000 kwa siku, na anafanya siku 22 kwa mwezi. Anapata 66,000. Chumba ni 25,000. Basi ni 500 kwenda na 500 kurudi, kwa siku 22 ni 22,000. Maji, makaa na sabuni 7,000. Toa hizo zote, zimebaki 12,000. Gawanya kwa siku 30 za kula, maana tumbo halina Jumapili: ni faranga 400 kwa siku. Hajanunua shati, hajalipa mituweli, hajatuma kitu nyumbani.

Sasa tuseme ndugu yake amebaki hapa katika chai, anapata 1,500 kwa siku, nusu ya yule. Kwa siku 22 ni 33,000. Analala nyumbani kwao, halipi chumba. Anakwenda shambani kwa miguu, halipi basi. Maharage na viazi vinatoka katika bustani ya mama. Tuseme anatumia 15,000 kwa chumvi, mafuta, sabuni na mengineyo. Zimebaki 18,000. Yule wa mshahara mkubwa ameshindwa na yule wa mshahara mdogo.

Na yule wa Bukavu? Kwake nauli inaweza kuwa sifuri. Lakini aweke garanti ya dola mwanzoni, aweke bei ya chakula inayopanda kila njia ikifungwa, aweke siku ambazo hakuna kazi kabisa, nazo ni nyingi.

Wengi wa kwetu wamepata jibu la tatu ambalo halikuandikwa popote: wanalala upande huu na kutafuta upande ule. Mama anavuka daraja asubuhi na samaki, maziwa au mboga, anauza Bukavu, na jioni yuko nyumbani. Hata Wakongo wapo wanaopanga Kamembe na kufanya kazi Bukavu. Njia hii imewalisha watoto wengi. Nchi zetu zilikubaliana tangu Septemba 1976, zilipounda jumuiya ya Maziwa Makuu huko Gisenyi, kwamba watu wapite. Lakini njia hii nayo inaning'inia kwenye kamba moja, nayo ni mpaka. Machi 2020, kwa sababu ya korona, mpaka ulifungwa, na akina mama walikaa na mabeseni matupu kwa miezi. Anayetegemea daraja awe na akiba ya siku ambayo daraja halipitiki.

TUFANYE NINI

Hatumzuii mtu kwenda. Kuna fundi aliyejifunza kuchomelea vyuma Kigali ambaye asingeweza kujifunza hapa. Kuna binti aliyepata kazi ya cherehani katika kiwanda cha nguo na anasomesha wadogo zake. Kuna wafanyabiashara waliojengewa maisha na Kadutu. Lakini hao wote, ukiwauliza vizuri, watakuambia walifikia kwa mtu, walikuwa na ufundi au mtaji, na walijua wanakwenda kulipa nini.

Kwa hiyo mwanachama anayetaka kuondoka ajiulize haya matano. Nitalala kwa nani miezi miwili ya kwanza? Kutoka hapo mpaka penye kazi ni nauli ngapi na masaa mangapi? Mwajiri atanipa mkataba wa maandishi? Nikiugua, mituweli yangu imelipwa? Na nikishindwa, nimebakiza nauli ya kurudi bila aibu? Ukikosa jibu la mawili katika hayo, ngoja kwanza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Na sisi tunaobaki tusidhani tumeokoka. Katika mfano wetu yule wa chai ameshinda kwa sababu mama yake anamlisha kutoka bustanini. Maana yake ni kwamba mwajiri hamlipi mshahara wa kumtosha. Bustani ya mama ndiyo inamalizia mshahara. Siku bustani itakapogawanywa kwa watoto sita, hesabu hiyo itavunjika, na wote sita watakwenda Nyabugogo na godoro. Vijana hawavutwi na taa za mji peke yake. Wanasukumwa na mizani ya chai. Uzito ukikatwa kwa sababu ya kikapu na unyevu, na mwezi ukapita kabla ya malipo, kapita asishangae akiona mistari haina watu.

Basi kabla ya kuuliza mji upi ni mzuri, tudai mizani isomwe mbele ya mvunaji, malipo yatoke kwa tarehe, na jina la kila kibarua liandikwe katika daftari la pensheni. Mambo hayo yanadaiwa hapa hapa, na watu walio wengi pamoja. Anayeondoka aje tawini kabla ya safari tumpe majina ya wenzetu walioko kule, apate pa kufikia. Anayebaki aje na karatasi yake ya mizani ya mwezi uliopita. Tutaanza na hizo karatasi.